Madafu ya Birkat al Mauz

Siku alipoletwa kutazama nyumba, mimi na kaka yangu tulimsema mbele ya macho yake. Tuna mulhak pembeni mwa uwa wetu hapa Birkat al Mauz, kijumba cha vyumba viwili na choo ambacho watu wa huku humjengea mtoto aliyeoa, na chetu kilikuwa kitupu tangu mwanangu ahamie Maskati. Akaja msimamizi wa klabu moja ya mpira ya upande wetu huu, kanzu imepigwa pasi ikanyooka, na nyuma yake bwana mmoja mweusi, mrefu, kichwa kimenyolewa, amekumbatia mkoba wake kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Msimamizi akatwambia kwa Kiarabu kwamba huyu ndiye beki wao mpya, Mbrazili, mtu mtaratibu, hana kelele. Kaka yangu akanigeukia akasema kwa Kiswahili, "Mbona mzee hivi? Huyu kaja kucheza mpira au kuwa bawabu?" Na mimi, kwa ulimi wangu huu, nikamjibu, "Mwache akae. Watu kama hawa hawapiki, jiko letu litasalimika."

Yule bwana akangoja tumalize. Kisha akasema, bila haraka yoyote, "Napika vizuri tu, dada. Na miaka ni thelathini na tano."

Kiswahili chenyewe cha Dar es Salaam, kimenyooka kuliko cha wanangu mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Msimamizi wa watu akawa anatutazama mmoja mmoja, hajui nini kimepita.

Sisi Waomani tuliotoka Unguja tuna tabia hii, na wala hatuioni kuwa tabia mbaya mpaka ituumbue. Kiarabu ni cha kazini na cha majirani. Tukitaka kumsema mtu hali amesimama mbele yetu, dukani, hospitali, hata matangani, tunageuza ulimi, tunamaliza shughuli yetu, tunarudi kwenye Kiarabu kama hatukusema kitu. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kutujibu. Kaka yangu alicheka sana siku ile, akamshika mkono, akamwambia karibu nyumbani, na nyumba akapewa palepale. Ungemnyimaje tena baada ya hapo?

Habari zake nilizipata kidogo kidogo, asubuhi za Ijumaa, siku nisiyofundisha skuli, nikimpelekea vitumbua au mkate wa kumimina. Yeye hukaa kwenye ngazi ya mlango wake, mama yangu kwenye kiti chake kivulini, na mimi katikati nikichambua mchele. Alizaliwa kwenye mji wa mtoni kaskazini ya Brazili, mji ambao mvua hunyesha kila mchana na watu huahidiana kukutana kabla ya mvua au baada ya mvua. Utotoni alikuwa mshambuliaji, kama watoto wote wa kwao. Kocha mmoja akautazama ule urefu na ule mwendo wake wa taratibu, akamrudisha nyuma, namba nne, na huko nyuma ndiko alikokaa maisha yake yote. Alizunguka klabu ndogo ndogo za madaraja ya chini, akilala kwenye mabasi. Akapata Ureno, akakaa msimu mzima benchi kwenye baridi, na koti la timu alilopewa lilikuwa fupi la mikono. Kisha wakala wake akampigia simu akamuuliza kama anaijua Tanzania. Akasema haijui. Akapelekwa hivyo hivyo.

Dar es Salaam ndiko alikopendwa. Mashabiki walimwita nguzo ya umeme, na mama mmoja muuza chapati nje ya kambi ndiye aliyemfundisha Kiswahili, kwa kukataa kumuuzia mpaka aombe vizuri. Alikaa huko misimu mitatu. Halafu ikaja mechi ya watani, uwanja umejaa pomoni, krosi ikapigwa kutoka kulia, yeye akaruka aitoe kwa kichwa, na mpira ukaingia kwenye nyavu zake mwenyewe. "Nilijifunga," aliniambia, na akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Alitolewa uwanjani kwa mlango wa nyuma, na mkataba haukuongezwa. Baada ya hapo ikawa Kuwait, Bahrain, kisha sisi.

Alinionesha picha ya goli lile kwenye simu yake. Mimi mpira siujui, lakini macho ninayo. "Mbona umesukumwa mgongoni?" nikamuuliza. "Tazama mkono wa huyu."

"Ndiyo, nilisukumwa."

"Na hukusema?"

"Refa hakuona, mwalimu. Na mpira ulinigusa mimi."

Nikamwambia ningekuwa mimi ningepiga kelele mpaka Unguja wasikie. Nilisema hivyo nikiwa na ungo wa mchele mapajani, na wala sikuwa natania.

Alichokitaka kilikuwa kitu kimoja, msimu mmoja zaidi. Kwa umri wake alijua kwamba klabu hii ikimwacha hakuna nyingine itakayompigia simu. Walimwahidi kuongeza mkataba, na safari hiyo mkewe na binti yake wangekuja kukaa naye, maana binti alimwacha anatambaa na sasa anasoma. Mkewe alikwisha kuacha kazi. Aliniomba ruhusa akipake rangi kile chumba kidogo cha mulhak, rangi ya manjano aliyoichagua binti mwenyewe kwenye simu, nikamwambia paka uitakayo. Akawa anapaka ukuta mmoja mmoja, siku asizokuwa na mazoezi.

Sasa mama yangu. Mama anaugua usahaulifu. Kilichoondoka mwanzo ni Kiarabu. Aliamka siku moja hamwelewi jirani aliyekunywa naye kahawa tangu mimi sijaolewa. Kikabaki Kiswahili cha Mjini, Unguja, kile cha ujana wake, kisafi, na pamoja nacho ikarudi nyumba ya babu yangu yote, na shamba la minazi, na watu wake. Akawa anaishi huko, sisi tunampitia tu. Yule beki alipompa shikamoo mara ya kwanza, mama aliitika marahaba kwa furaha mpaka nikaona wivu kidogo.

Timu yake ilipooneshwa kwenye televisheni tulikaa sebuleni mimi na mama kuitazama. Mama akamwona anamkimbiza mshambuliaji. "Yule si boi wetu?" akaniuliza. "Nani kamruhusu kutoka? Sufuria zote zinamngoja."

Boi, kwa asiyejua, ndivyo watu wa Mjini walivyowaita watumishi wa kiume wa nyumbani, hata awe mtu ana wajukuu. Kwa babu alikuwapo mmoja, nami sikumwona, nimezaliwa huku. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikampigia kaka yangu Sur, anakofanya kazi kwenye gesi, nikamhadithia, naye akacheka. Mimi niliyekuwa nikirudi kutoka skuli ya hapa hapa nikilia, kwa sababu wasichana wenzangu wakiniita Mzanzibari kwa pua iliyokunjwa, na rangi yangu na ya yule bwana ukiziweka pamoja hujui ipi ni ya nani. Halikunijia hata moja la hayo. Nilicheka tu, nikammiminia mama chai.

Baadaye mtumishi wetu wa Kihabeshi alikwenda kwao likizo asirudi. Kumpata mwengine kunachukua muda, na mimi nafundisha Nizwa, natoka alfajiri narudi adhuhuri imepita. Nikawa namwacha mama amekunywa chai, nafunga lango kwa nje, na namwomba jirani apitishe jicho juu ya ukuta ikikaribia adhuhuri. La kufunga lango sikumwambia mtu. Mtoto wa kike kumfungia mama yake ndani kama kuku, utalielezaje? Beki alikuwa na ufunguo wake, na mazoezi yao yalikuwa jioni, lakini sikumwomba chochote. Nilidhani asubuhi analala.

Ajabu, nyumba ikaanza kupendeza. Narudi nakuta uwa umefagiwa, mirehani imenyweshwa, vigae vya mlangoni vimeoshwa. Nikaamini mama kapata nguvu. Nikamsifu kwa jirani, nikamsifu kwa kaka kwenye simu: mama anafagia siku hizi, alhamdulillahi, ile dawa mpya inamfaa. Kaka akasema dua zetu zimepokewa.

Siku za mitihani tunatoka mapema. Nikafungua lango nikamkuta beki amekaa chini, mgongo ameuegemeza mtendeni, mguu wa kulia ameunyoosha mbele, magoti yamechubuka na vumbi, viganja vimechanika kwa miiba. Mama kasimama mbele yake, kajifunga leso kiunoni, sinia mkononi.

"Wageni wamekaa sebuleni," mama akanambia kwa hasira, "watu wametoka Pemba na jua hili, na huyu boi kapanda mnazi kashuka mikono mitupu. Hata dafu moja."

Ule ni mtende. Tumeukuta hapo tulipoinunua nyumba, na kwa upande wetu huu ukitaka nazi unaifuata dukani. Sebuleni hapakuwa na mtu.

Nilimkamata mama mkono pengine kwa nguvu kuliko ilivyopasa, kwa sababu yule bwana aliyekaa chini alisema haraka, "Usimgombeze, mwalimu. Nimeteleza mwenyewe."

Nikampeleka mama ndani, nikamketisha, nikamwambia wageni wamekwisha kunywa maji wameondoka, akatulia. Nikarudi na barafu imefungwa kitambaani. Kifundo chake kilikuwa kinavimba mbele ya macho yangu. Ndipo akanieleza. Tangu yule Mhabeshi aondoke, kila asubuhi mama alikuwa akimgongea mlango kwa fimbo: we boi, jua limeshatoka. Naye akitoka, akifagia, akinywesha mirehani, na mama akimsimamia na kumwonesha alipoacha vumbi.

"Kwa nini hukunambia?"

"Siku ya kwanza nilimwambia bibi mimi si boi, mimi ni mpangaji. Akaogopa. Akaanza kulia, akasema nyumbani mna mtu asiyemjua. Kesho yake aliponiita nikaitika." Akageuza mguu kidogo, akakunja uso. "Na leo alikuwa analia tena, kwa ajili ya wageni. Nikasema nipande kidogo tu, aone hakuna kitu."

Nikamkabidhi ile barafu. Yeye akaendelea, kama anayenisaidia, "Bibi yangu mimi alipika kwenye nyumba ya watu maisha yake yote. Walikuwa wakimwita msichana mpaka amekufa ana mvi." Hakulisema kwa kunilaumu, na hilo ndilo lililonichoma. Ningetaka alaumu. Ningejua pa kuuweka uso wangu.

Klabu alikwisha kuipigia simu kabla sijafika. Amewaambia ameteleza bafuni. Nikamuuliza kwa nini asiseme kweli, akatabasamu. "Niwaambie nilipanda mtende kutafuta madafu? Na bibi nimtaje vipi?" Kisha akasema, "Wewe ukiona inafaa utasema. Nyumba ni yako."

Mwanzo mambo hayakuwa mabaya. Kano zimechanika, msimu kwake umekwisha, lakini daktari wa klabu alisema mguu utapona kabla ya msimu mpya, na msimamizi akamwambia ajali ni ajali, ahadi iko palepale. Nilimpelekea chakula mara mbili kwa siku. Nikachukua likizo kazini, nikakaa na mama, kwa sababu sasa nilikuwa naogopa hata mlango wa mulhak kugongwa. Lakini watu wana macho. Waliomwona hospitali waliona magoti yenye michubuko ya vumbi na viganja vilivyochanwa na miiba, na hakuna bafu la hivyo duniani. Maneno yakaanza. Huku kila kijiji kina timu yake ya mtaani, wanacheza kwenye viwanja vya vumbi kando ya mitende, na zipo zinazomwita mchezaji wa kulipwa kwa siri, acheze siku moja, apewe chochote. Mkataba wa klabu unakataza hilo kabisa. Ikasemwa kuwa yule Mbrazili kavunjika huko, na kawadanganya waliomleta.

Nikampigia kaka yangu. Nikamweleza yote, hata la lango, nikamwambia lazima twende klabu tukaseme.

"Tukaseme nini?" akaniuliza. "Kwamba mama yetu kamwita mgeni boi? Kwamba akili zimemruka, na wewe ulikuwa unamfungia ndani? Unajua posa ya binti yangu iko njiani. Wale watu wa Nizwa wanatutazama kwa jicho moja tangu hapo, Wazanzibari, Wazanzibari. Wakisikia haya watasema wendawazimu uko kwenye damu, na watasema hawa bado wanajiona wana watumwa."

"Mtu atapoteza kazi yake."

"Hajapoteza. Ngoja nije Alhamisi, tutalizungumza."

Nikangoja. Nilijiambia kaka ndiye mkubwa, maneno ya klabu ni ya wanaume. Lakini nitasema kweli: nilifurahi kuambiwa ningoje.

Msimamizi hakungoja Alhamisi. Alikuja asubuhi, akasimama nje ya lango kwa adabu, hakutaka kuingia. Akaniuliza afya, akaniuliza mama, akaniuliza watoto. Kisha akasema, "Samahani, mwalimu, wewe ni mtu wa heshima na neno lako tunalichukua. Huyu mchezaji wetu anasema kaumia humu ndani. Ni kweli?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limekaa mdomoni. Na ndani, kutoka sebuleni, mama akaanza kuita, sauti yake ya kuamrisha, ile ya nyumba ya babu: "Boi! We boi! Njoo huku!"

Msimamizi akainua uso. "Mama anamwita nani?"

"Ananiita mimi," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akangoja. Nikasema, "Wallahi, siku ile nilikuwa kazini. Sijui."

Kila neno lilikuwa kweli mpaka lile la mwisho. Siku ile nilikuwa kazini. Nimefundisha watoto wa watu miaka mingi kutofautisha ukweli na uwongo, na siku ile niliapa kwa Mungu mbele ya lango langu. Akanishukuru, akaingia garini.

Nilipogeuka, beki alikuwa kwenye mlango wake, magongo kwapani. Kiarabu hakijui. "Amesema nini?" akaniuliza.

"Ameuliza kama maji yanatoka vizuri."

"Yanatoka," akasema.

Baada ya siku chache aliitwa klabu, akarudi na teksi. Nilimsikia, sikutoka. Jioni nikajikaza nikachukua sahani ya wali na mchuzi wa samaki nikampelekea. Alikuwa uwani, kwenye bomba, anaosha brashi ya rangi. Maji ya manjano yalikuwa yanapita kwenye vigae hadi kwenye shimo. Nikamuuliza wamesemaje.

"Wamenivunjia mkataba. Wanasema nilicheza mtaani." Akaikamua brashi kwa vidole. "Mkalimani alisema wamemuuliza hata mwenye nyumba. Akasema hajui."

Hakunitazama. Akaendelea kuiosha ile brashi, na ilikuwa imeshatakata zamani. Niliweka sahani kwenye ngazi, nikasimama. Nilitaka aniulize kwa nini, nimweleze mambo ya kaka, mambo ya posa, mambo ya mama. Hakuniuliza. Akasema asante kwa chakula.

Kesho yake sikumngoja kaka wala nani. Nilimwita jirani akae na mama, nikamwambia waziwazi kwamba mama haachiki peke yake, nikaendesha gari mpaka klabu. Nilikaa kwenye ofisi ya msimamizi, chini ya vikombe vyao vya fedha, nikasema yote. Nikasema mama amesahau yuko wapi. Nikasema anamdhani yule bwana mtumishi wa nyumba ya baba yake, na kwamba yule bwana amefagia uwa wangu mimi sijui. Nikasema mama alimpandisha mtende ili aangue madafu.

"Madafu?" msimamizi akasema. "Birkat al Mauz?"

Akacheka. Hakuwa na ubaya, alicheka kama mtu yeyote angecheka, bega linatikisika, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Na mimi nikacheka naye. Sijui kicheko kile kilitoka wapi. Nilimwona yule bwana amekaa chini, viganja vinatoka damu, na huku nacheka, kwa sababu msimamizi anacheka na sikutaka anione mtu mgumu.

Alipomaliza akaweka mikono mezani. "Mwalimu, nilikuja mpaka langoni kwako," akasema kwa upole. "Siku ile ungeniambia neno moja tu, lingetosha. Sasa keshatia saini karatasi za kuvunja mkataba, na beki mwengine tumeshamchukua, Mserbia, anaingia Alhamisi."

Nikamuuliza hakuna njia yoyote. Akasema atamwandikia barua nzuri, mtu huyu si mwongo, wataliandika hilo. Nikamshukuru kwa barua. Beki wa miaka thelathini na tano, mguu mmoja, barua nzuri. Nilikaa garini nikashindwa kuliwasha mpaka adhana ikanishtua.

Nilimwambia yule bwana kwamba nimekwenda. Nikamwomba radhi, kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyotusikiliza mimi na kaka siku ile ya kwanza. Akasema, "Haidhuru, mwalimu. Umekwenda." Nikamuuliza mkewe kasemaje. Akasema amelia kidogo, kisha akauliza kama chumba kilikuwa kimeshakamilika. Ukuta mmoja ulikuwa umebaki.

Siku ya safari kaka yangu alikuja kutoka Sur. Alisisitiza yeye ndiye atakayempeleka uwanja wa ndege. Hilo alilifanya, na wala simdharau kwa hilo. Tukasimama uwani mimi na kaka, kila mmoja anatazama pake. Yule bwana akatoka na begi lake na magongo yake, akaniwekea ufunguo mkononi, kisha akasema anataka kumuaga bibi.

Nilijua mama atamwita boi, atamtuma kitu, atamuuliza sufuria. Nilitaka kusema mama amelala, lakini alikuwa palepale kwenye kiti chake kivulini, macho wazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

Nikamtazama mama. Sauti ilikuwa ile yake ya zamani, ya mwenye nyumba aliyefikiwa na mtu. Alimtazama yule bwana, mguu uliofungwa, magongo, begi chini, kisha akatugeukia mimi na kaka yangu.

"Mgeni kasimama juani na mguu mbovu, na nyinyi wawili mnamkodolea macho. Ndivyo nilivyokuleeni? Mpeni kiti."

Kaka yangu, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, alikikimbilia kiti.

"Naondoka, bibi," beki akasema. "Nimekuja kuaga tu."

"Unaondoka vipi, na hata kahawa hujanywa? Au hawa watoto wangu hawakukukaribisha?"

Alinitazama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunitazama sawasawa tangu ile jioni ya brashi. Kisha akainama, akamshika mama mkono.

"Wamenikaribisha, bibi," akasema. "Wamenikaribisha vizuri sana."

Nikasema nakwenda kupika kahawa. Nikaingia ndani, nikasimama mbele ya jiko langu, na moto sikuweza kuuwasha.